Samaki wa Baba Mkwe

Kabla sijaeleza lolote, nitenge kwanza niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa sababu katika mji wetu wa Rumonge, kando ya ziwa Tanganyika, mambo haya mawili hulala kitanda kimoja, na kukikucha hakuna anayejua lipi ni la nani.

Nimesikia kwamba upande wa Minago, mahali ambapo mawe yanashuka kutoka barabarani hadi majini, pana shimo lisilo na mwisho. Nimesikia kwamba mamba mwenye umri wa kunizidi hulinda shimo hilo. Nimesikia pia, na hili nimelisikia kuliko yote kwa kuwa nimeishi nalo nyumba moja, kwamba kati ya mawe hayo yuko samaki mdogo ambaye huwaficha watoto wake kinywani hatari inapopita, kisha huwatoa wakiwa wazima. Hayo ni ya kusikia.

Niliyoyaona ni haya: mawe yenyewe, maji ambayo asubuhi, kabla upepo haujaamka, huonesha changarawe waziwazi hadi ukatofautisha nyeupe na ya kijivu, mke wangu akiwa amesimama humo, maji yakimfika kiunoni, na mjukuu wetu akimfundisha kutazama chini. Nitaandika hayo. Pale nitakapolazimika kutumia la kusikia, nitasema limetoka kwa nani.

Nilifundisha sayansi hadi nilipostaafu, kwanza ukimbizini Tanzania, ambako ndiko nilikokipata Kiswahili hiki, kisha hapa nyumbani baada ya kurudi. Katika Kiswahili cha soko letu kuna neno moja ambalo sijawahi kulivumilia darasani wala mezani: "banasema". Banasema mawese yatapanda bei. Banasema mwalimu fulani amehamishwa. Ukiuliza ni akina nani hao wanaosema, unatazamwa kama mtu asiye na adabu. Mke wangu amenivumilia katika jambo hili muda wote wa ndoa yetu, isipokuwa mahali pamoja tu, napo ni kwa baba yake.

Baba yake alikuwa mvuvi wa pwani hii. Walipokimbilia Tanzania, mke wangu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni njia ilipokuwa mbaya na wa kutembea ilipokuwa nzuri. Ziwa alilikumbuka kama mwanga tu. Makazi waliyopewa yalikuwa mbali na maji makubwa, katika nchi ya mahindi na tumbaku. Mvuvi yule, ambaye mikono yake haikuzoea jembe, jioni aliwasimulia watoto wake habari za ziwa kwa sababu hakuwa na kingine cha kuwarithisha. Aliwaeleza samaki wa kati ya mawe: mistari yake, namna anavyoshuka hadi kwenye changarawe, namna watoto wanavyokimbilia kinywani, na namna mama yao anavyokaa bila kula hadi hatari iishe. Alifia huko huko, hakuliona ziwa tena. Hayo nimeyapata kwa mke wangu. Mzee mwenyewe nilimkuta amekwisha kuzikwa.

Vitabu vilinifundisha kwamba samaki wa namna hiyo wamo katika ziwa letu, nami niliwafundisha wanafunzi hivyo, nikiwaambia wazi kwamba mimi mwenyewe sijamwona. Kwa hiyo sikumbishia mke wangu kuwapo kwa samaki. Nilichombishia ni kama baba yake alimwona, au aliambiwa na mvuvi mwingine ambaye naye aliambiwa.

"Baba yangu hakuwa mtu wa banasema," alikuwa akinijibu, mikono ikiendelea kuchambua maharage.

"Sijasema alidanganya. Nimeuliza alisimama wapi alipomwona."

"Alisimama kwenye maji. Ulitaka asimame juu ya kiti, mwalimu?"

Ananiita mwalimu anapotaka kunishinda. Mabishano hayo yalikaa nyumbani kwetu kama kabati la zamani, hayamdhuru mtu na hakuna aliyefikiria kuyaondoa, hadi macho yake yalipoanza kufungwa.

Ni presha ya macho. Mimi mwenyewe nilikwenda naye kwa daktari, kwa maana sikutaka kuletewa maneno, na nikataka macho yangu pia yapimwe siku hiyo. Yangu yalikuwa mazima. Kuhusu yake, daktari alieleza kwamba mwanga hupotea kuanzia pembeni ukielekea katikati, kwamba matone yatachelewesha, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Njiani kurudi, michikichi ilianza kuonekana pande zote mbili za barabara. Ndipo mke wangu aliposema kwamba sasa anaichungulia dunia kama mtu anayechungulia kupitia bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba.

"Nataka kumwona yule samaki kabla halijaziba," akasema. "Nikimwona, nitajua na mengine aliyotueleza baba ni ya kweli. Nisipomwona, nitabaki gizani na maneno matupu."



Mjukuu wetu, binti wa mtoto wetu wa kwanza, ni mwanamke mzima mwenye kazi yake. Alijifunza kuzamia ng'ambo ya mpaka, Kigoma, na siku hizi huwafundisha watu wanaotoka Bujumbura kupumua chini ya maji kwa mtungi wa hewa. Anatuita sogokuru na nyogokuru, yaani babu na bibi kwa Kirundi. Nilimweleza shauri la bibi yake, nikamwuliza kama pwani yetu ina mahali panapomfaa mtu asiyejua lolote, mwenye umri kama ule.

"Papo, pale kwenye mawe ya upande wa Minago," akasema. "Ndipo ninapowaanzishia wageni."

"Kwa nini hapo?"

"Kwa sababu, sogokuru, mahali pa kuanzia ni mahali ambapo ukiogopa unasimama tu."

Nimesoma fasili nyingi maishani. Hiyo naiweka miongoni mwa zilizo sahihi. Nilirudi kwa daktari nikamwuliza. Alikubali mgonjwa aelee juu na kutazama, akakataza kabisa asishuke chini. Maji mafupi basi yalikuwa ndiyo yetu.

Lakini lilikuwapo shimo, na alikuwapo mamba. Nilikwenda kwanza peke yangu. Kwenye mchanga kando ya mawe nilimkuta mvuvi akishona wavu wake wa ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Amahoro, muzee," akasema. "Banasema unataka kumutia bibi yako mu maji."

"Amahoro. Wanaosema ni akina nani?"

"Watu."

"Umeliona wewe hilo shimo linalotajwa?"

"Ningeliona, ningekuwa hapa nakuongelesha? Shimo iko. Haina mwisho."

"Na mamba?"

"Mamba iko, ya zamani sana. Mimi sikumuona. Baba mudogo alielezwa na mutu wa Kizuka."

"Kizuka ni mashamba ya michikichi. Mamba alikwenda kule kuchuma?"

Alicheka hadi sindano ikamtoka mkononi, kisha akanipeleka kwa mtumbwi wake hadi mahali penyewe, ambapo maji hubadilika ghafla kuwa meusi. Nilifunga jiwe kwenye kamba, nikaliteremsha. Lilifika chini upesi. Nililivuta, nikaliteremsha upande wa pili, likafika tena. Weusi ule ni jabali moja pana, limelala, limeota majani meusi ya majini. Mvuvi alitazama kamba yangu iliyolegea, akasema kwamba labda shimo limehama. Kuhusu mamba, sina haki ya kuandika kwamba hayupo. Ninaandika kwamba nilikaa juu ya mawe hayo asubuhi kadhaa, nikitazama, na sikumwona.

Siku yetu ilipofika, ziwa lilikuwa limetulia kama maji katika beseni. Mbali kidogo wanawake walikuwa wakifua nguo kwenye mawe ya bapa. Mjukuu wetu alitangulia kuzunguka chini na mtungi wake mgongoni, akarudi akasema hakuna cha kutisha. Mke wangu aliingia na gauni lake la kitenge, amelifunga kwa kamba magotini, akinishika mkono. Niliona mkono wake unateleza ndani ya wangu. Nikadhani ni maji.

Mjukuu wetu alimpa miwani ya kuzamia, ile pana inayofunika macho na pua pamoja, na mrija wa kupumulia.

"Nyogokuru, tema mate humu ndani, uyasugue kwenye kioo kwa vidole, halafu suuza. Usipofanya hivyo kioo kitashika ukungu."

"Niteme mate mbele ya babu yako?"

"Kila mutu anatema. Hata wakubwa wa Bujumbura wanatema."

"Ndiyo maana nimewaachia Bujumbura yao."

Hata hivyo aliigeukia pwani, akatupa mgongo, na niliona kiwiko chake kikienda na kurudi kama mtu anayefuta glasi ya taa. Kisha akaivaa miwani, akajilaza juu ya maji kama alivyoelekezwa, uso chini, mrija juu, mkono mmoja mikononi mwangu. Nilisikia pumzi yake ikipita kwenye mrija, kwanza ya haraka, baadaye ya kawaida. Mjukuu wetu alikuwa chini yake, akimwonesha kwa kidole.

Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akasimama, akavua miwani, akamrudishia mjukuu wetu alipoibuka.

"Nimemwona," akasema. "Murakoze, mwanangu. Twende nyumbani."

Sikuamini. Katika maisha yetu yote mke wangu hajawahi kuondoka mahali popote kwa neno moja la shukrani. Huondoka kwa mazungumzo marefu, akirudi nyuma mara kwa mara kuongeza jambo.

"Ana rangi gani?" nikamwuliza.

"Rangi ya samaki."

"Mistari yake imesimama au imelala?"

"Mwalimu, niache."

Hakulisema neno hilo kwa ushindani. Lilikuwa limetoka bila nguvu, na liliniogofya kuliko maneno ya daktari. Alikuwa akitazama nyuma yangu, mahali pasipo na kitu, huku vidole vyake vikikunja pindo la kitenge, vikilikunjua, vikilikunja tena, kama afanyavyo msibani. Nilielewa. Alikuwa amefungua macho ndani ya maji, akakuta haoni kitu, akahukumu kwamba bomba limeziba. Wala hakutaka mjukuu ajue kwamba amefika akiwa amechelewa.

Kwa kitambo kifupi nami niliamini. Ni tabia yangu iliyoniokoa, si hekima. Hiyo ilikuwa habari ya kusikia kama nyingine zote, tena haijatamkwa hata kwa mdomo, na mimi nilikuwa nimesimama mahali penyewe. Nilimwomba mjukuu wetu ile miwani. Nikaivaa, nikainama, nikauingiza uso wangu katika ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza katika uzee wote huu.

Sikuona kitu. Wala mawe sikuyaona, wala miguu yangu mwenyewe. Palikuwa na weupe mzito tu, kama mtu anayetazama kupitia karatasi iliyofungiwa maandazi ya moto.

"Nami sioni," nikamwambia nilipoinuka.

"Huoni nini?"

"Sioni chochote. Macho yangu yalipimwa siku ile ile uliyopimwa wewe, mbele yako, na daktari hakuyakuta na kasoro. Kwa hiyo kosa si la macho yako."

Alinikazia macho. Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye nywele, na hakuyafuta.

"Rudia," akasema.

"Nimesema mimi pia sioni."

Sidhani kama kuna mwanamke aliyewahi kumfurahia mumewe kipofu namna ile. Hakupiga kelele. Aliliachia lile pindo la kitenge, likaenea juu ya maji, akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Nilikinusa kioo upande wa ndani. Yalikuwa mafuta ya kokwa za michikichi. Nilipomtazama mke wangu, aliinamisha kichwa kama mwanafunzi, kisha akaeleza. Katika nyumba ya mama yake mtu hapelekwi majini asubuhi kabla ya kupakwa mafuta hayo usoni, shingoni na mikononi, baridi ya maji isije ikamwingia. Alijipaka kabla ya kutoka, kimya kimya, kama anavyofunga kitambaa. Na mate?

"Nilijifanya," akasema. "Nilisugua kioo kwa vidole tu."

"Vidole vyenye mafuta."

"Kwa mama yangu ndivyo tulivyong'arisha vitu, mwalimu. Sasa nilijuaje kwamba hiki hakitaki kung'aa?"

Mjukuu wetu alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Wanafunzi wake wote wametoka Bujumbura, na hajawahi kupata hata mmoja aliyejikaanga kabla ya kuingia majini. Hayo ni maneno yake. Mimi nami sikunusa mapema, kwa sababu Rumonge nzima hunuka michikichi: vinu vyetu, nguo zetu, baiskeli zinazopita na bidoni za njano, madumu ya mawese. Pua zetu zilishaacha zamani kutuletea habari hiyo.

Maji peke yake hayaondoi mafuta. Nilitoka, suruali ikinivuja, nikawaendea wanawake waliokuwa wakifua.

"Amahoro, akina mama. Naomba kipande cha sabuni."

"Karibu, muzee. Leo bibi amekutuma kufua?"

"Ni ya kumwosha uso."

"Yeye hana mikono?"

"Anayo. Ndiyo iliyoleta shida."

Walicheka, wakanikatia kipande cha sabuni ya kahawia, ile inayopikwa hapa hapa kwa mawese. Nilirudi nacho. Mjukuu wetu alinyoosha mkono kukipokea, na sijui ni kitu gani kilichonifanya nisimpe. Mimi si mtu wa kumshika mke wangu mbele za watu. Hata siku tuliyooana tulisimama kama mashahidi wa kesi moja. Nilitengeneza povu viganjani, nikamwambia afumbe macho, nikamwosha.

"Unanisugua kama sufuria," akasema, macho yamefumbwa.

"Sufuria hailalamiki."

"Sufuria haikuolewa nawe."

Nilimwosha paji la uso, mashavu, chini ya kidevu, kisha vidole vyake, kimoja kimoja, hadi vilipoacha kuteleza. Ngozi yake pembeni mwa macho ina mikunjo mingi ambayo nilikuwa sijaitazama kwa karibu kwa muda mrefu, nami ndiye niliyejisifia kutazama. Kule kwenye mawe ya bapa sauti moja ikaita: "Muzee, ukimaliza huyo, na mimi niko hapa!" Mke wangu alicheka hadi povu likamwingia mdomoni, akamjibu, bila kufumbua macho, kwamba fundi huyu ana kazi nyumba moja tu.

Kisha niliosha kioo kwa sabuni, nikakisuuza. Yalibaki mate. Nilimtazama, alikuwa amebana midomo. Basi nikatema mimi, mtu niliyezoea kuwatoa wanafunzi darasani kwa kosa hilo, nikayasugua vizuri kila pembe.

"Nivae mate yako usoni?" akauliza.

"Umevaa maneno yangu muda wote huu. Mate ni mepesi zaidi."

Aliivaa. Mjukuu wetu akaikaza mikanda nyuma ya kichwa, akashuka taratibu kando yake. Mke wangu akajilaza tena juu ya maji, na mkono wake, ambao sasa haukuwa tena na mafuta na ulishikika, ukaushika wangu.

Aliyoyaona huko chini aliyasimulia baadaye, kwanza kwangu, kisha kwa wale waliokuwa wakifua, kisha kwa kila aliyepita mlangoni kwetu wiki ile. Ni yake, na ninamwachia ayaseme mwenyewe. Mimi sikuwapo chini, na sitaki yaingie katika maandishi haya kwa njia ya mlango wa nyuma. Nitaandika yaliyonipata mimi juu ya maji.

Pumzi kwenye mrija ilikuwa ya kawaida, halafu ikakatika. Niliogopa, nikataka kumwinua. Kisha ikarudi kwa kishindo, pamoja na sauti ndani yake, sauti ya mtu anayezungumza na kinywa kimejaa. Jua lilikuwa limeshafika juu ya vilima nyuma yetu na limeanza kung'aa juu ya maji, hivyo kutoka nilipokuwa nimesimama sikuweza kuona chini, ila mng'ao uliokuwa ukivunjika na kuungana. Mke wangu hakuinua kichwa. Aliuvuta mkono wangu ndani ya maji hadi bega langu likalowa, akavikunja vidole vyangu vyote akakiacha kimoja, akakielekeza mahali fulani kati ya mawe mawili, na akakishikilia hapo.